DAWA KAANDIKIWA NA DAKTARI, LESENI KANYANG'ANYWA BARABARANI!

Wadau, leo stori inatoka Australia, na inahusu kitu ambacho wengi wakikisikia tu wanaanza kucheka: bangi. Ila hii si ya kijiweni. Ni ile anayoandika daktari, mgonjwa anaenda na cheti duka la dawa anapewa. Kule ni halali tangu 2016.

Mchukulie dada mmoja wa Melbourne, jina kapuni. Mwili unamuuma mwaka mzima. Usiku anaweka matone yake ya mafuta ya bangi chini ya ulimi, analala. Asubuhi yuko fresh, anawapeleka watoto shule. Polisi wanamsimamisha, wanampima mate, kipimo kinasoma THC, ile kemikali ya bangi inayoleta stimu. Kwisha habari yake! Hakuyumba barabarani, hakugonga mtu, cheti cha daktari kiko kwenye pochi. Haijalishi. Sheria haiulizi kama amelewa, inauliza kama kitu kimo mwilini.

Sasa mchukulie jirani yake, kaka mmoja bishoo. Jana usiku kameza vidonge vikali vya usingizi, asubuhi kichwa bado kizito kama gunia. Naye anasimamishwa, anapimwa mate. Safi! Kwa nini? Kwa sababu kipimo kile kinatafuta bangi na madawa ya mtaani kama meth na ekstasi. Vidonge vya usingizi hakivitafuti. Anaambiwa safari njema.

Hapo nani wa hatari barabarani? Na nani kapoteza leseni?

Watu watatoa povu: "Kwa hiyo mnataka watu waendeshe wakiwa na stimu?" Hapana, na hakuna mgonjwa mwenye akili anayedai hivyo. Bangi inapunguza umakini, hilo halina ubishi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipitia tafiti nyingi, wakaona athari zake kwa dereva zinaisha ndani ya saa 3 hadi 10, kutegemea dozi na namna ilivyotumika. Lakini kwa mtu anayeitumia kila siku, mabaki ya THC yanaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya stimu kuisha. Kwa hiyo kipimo kinamkamata mtu kwa kitu cha jana, halafu kinamwita mlevi wa leo.

Na wala haihitajiki miujiza kurekebisha. Tasmania, jimbo la Australia hiyo hiyo, mgonjwa mwenye dawa halali hana kosa kwa kukutwa tu na THC. Akiendesha amelewa, anashtakiwa kama mtu mwingine yeyote. Uingereza tangu 2015 inampa mgonjwa utetezi kama kafuata maelekezo ya daktari na hajalewa. Ujerumani mwaka 2024 ilipandisha kiwango cha THC kwenye damu kutoka nanogramu 1 hadi 3.5 kwa mililita.

Hata Victoria, jimbo la huyo dada, lililokuwa la kwanza duniani kuanza kupima mate ya madereva mwaka 2004, limeanza kulegea. Tangu Machi 2025 hakimu anaweza kuamua asimfutie leseni mgonjwa mwenye cheti. Nusu shari kuliko shari kamili. Ila bado ni kosa, bado mgonjwa anaburuzwa kortini kujieleza kwa nini kanywa dawa yake.

Kinachotakiwa ni kimoja: apimwe ulevi, asipimwe mabaki. Polisi waangalie kama mtu ana akili timamu ya kushika usukani, iwe katumia bangi, pombe au vidonge. Akikutwa amelewa, cheti kisimwokoe. Akikutwa yuko sawa, aende zake.

Vinginevyo mgonjwa anabaki na njia mbili tu: aache dawa alale na maumivu, au ahamie vidonge vikali ambavyo kipimo hakivioni. Serikali imruhusu daktari kuandika, halafu imtume polisi kukamata? Huo si usalama barabarani, huo ni mtego.

Wewe unaonaje, huyo dada arudishiwe leseni au anyimwe? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi weka pembeni!