Maafikiano ya wataalamu wa meno: Ni nani aliyeachwa nje ya jopo?

MTOTO anapoanguka uwanjani na jino lake la mbele kung’oka, mzazi humkimbiza kwa daktari akiamini kwamba tiba atakayopewa imethibitishwa na utafiti. Asilolijua ni kwamba kwa miaka mingi watafiti wa majeraha ya meno walipima mambo tofauti. Mmoja alihesabu miaka ambayo jino lilidumu kinywani, mwingine akachunguza mzizi katika picha ya eksirei, na wa tatu akauliza kuhusu maumivu. Matokeo ya aina hiyo hayawezi kujumlishwa ili kubaini ni tiba ipi bora.

Ili kuliziba pengo hilo, mnamo 2018 kulichapishwa orodha ya mambo ya msingi ambayo kila utafiti wa majeraha hayo wafaa kuyapima. Orodha hiyo ilipatikana kupitia mbinu iitwayo Delphi.

Mbinu hiyo, iliyopewa jina la hekalu la kale la Ugiriki lililosifika kwa utabiri, ilibuniwa nchini Marekani miaka ya 1950 na watafiti wa shirika la RAND, wakiwemo Norman Dalkey na Olaf Helmer, kwa ajili ya masuala ya kijeshi. Wataalamu hujaza hojaji kila mmoja kivyake. Mratibu hukusanya majibu, huyafanyia muhtasari na kuwarudishia bila kutaja nani alisema nini. Kila mmoja hupata fursa ya kubadili msimamo au kuutetea. Duru hurudiwa hadi kiwango cha maafikiano kilichowekwa mapema, aghalabu asilimia 70 au 80, kifikiwe.

Manufaa yake ni bayana. Katika mkutano wa kawaida, profesa mwenye sifa hunena na wengine wakaitikia. Katika Delphi, hoja hupimwa kwa uzito wake wala si kwa cheo cha aliyeitoa.

Mbinu iyo hiyo ilitumiwa kuafikiana kuhusu istilahi za kuoza kwa meno, katika ripoti iliyochapishwa mnamo 2020 baada ya warsha ya 2019. Huenda msomaji akaliona hilo kuwa jambo dogo, lakini sivyo. Mtafiti anayehesabu matundu pekee na mwenzake anayehesabu pia madoa meupe ya mwanzo watapata takwimu zinazotofautiana pakubwa katika shule moja. Wizara inayopanga bajeti itafuata ipi?

Hata hivyo, maafikiano si ushahidi. Wataalamu wote wanaweza kukubaliana kuhusu kosa. Isitoshe, wenye maoni tofauti wanaweza kuchoka na kujiondoa kabla ya duru ya mwisho, na wanaobaki wakaonekana kuafikiana. Ndiyo maana mwongozo wa ACCORD, uliotolewa mnamo 2024, unawataka watafiti kueleza wazi jinsi jopo lilivyoteuliwa na jinsi maafikiano yalivyopimwa.

Swali la uteuzi ndilo linaloigusa Kenya zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mnamo 2022 kwamba watu takriban bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wanaishi katika mataifa ya kipato cha kati. Jopo lililojaa madaktari wa mataifa tajiri litaafikiana kuhusu matatizo ya mataifa hayo.

Chukua mfano wa floraidi. Kwingineko, madini haya hutiwa katika maji ya mfereji ili kuyakinga meno. Katika sehemu za Nakuru na Bonde la Ufa, maji ya visima yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO, na watoto hukua wakiwa na meno yenye madoa ya kahawia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hivyo basi, vyuo vikuu vinavyofunza udaktari wa meno nchini vinapaswa kudai nafasi katika majopo haya, na pia kuunda ya kwao. Humo wasikae maprofesa pekee. Maafisa wa afya ya kinywa wanaohudumu mashinani, na wagonjwa wenyewe, wana ujuzi ambao hojaji zikiwaruka hautapatikana kwingine. Wasipoulizwa, yatakayoitwa maafikiano yatakuwa kauli ya wachache tu.