Mkutano wa Kijiji Ukiitishwa, Twende

Wazee wangu wa Kiberege, ndugu zangu wa Signali, Kisawasawa na Mang'ula:

Tangazo la mkutano wa kijiji likibandikwa, wengi wetu tunalisoma na kupita zetu. Wiki ijayo, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kila mtu anageuka mbunge: lile eneo kapewa nani? Ng'ombe wale karuhusu nani? Wakati huo muhtasari wa mkutano umeshatiwa sahihi.

Kususa kuna gharama; nikumbushe ya jirani zetu wa Uganda. Wakili Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha DP, alitaka uhuru uje kwa kura. Uchaguzi wa Machi 1961 ulipokaribia, serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo iliwataka watu wake wasusie, na wengi mno hawakujiandikisha. Kiwanuka, Muganda mwenzao, akagoma kususa. Wachache waliojitokeza wakakipa DP viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Nchi nzima chama cha UPC cha Milton Obote kilikuwa na kura nyingi zaidi, lakini serikali akaunda Kiwanuka. Simpambi: Aprili 1962 aliangushwa kwenye uchaguzi, safari hiyo wabunge wa Buganda wakiwa wamechaguliwa na Lukiko, baraza la Buganda, si wananchi. Mwaka 1972, akiwa Jaji Mkuu, watu wa Idi Amin walimkamata mahakamani, na huo ukawa mwisho wake. Lakini waliosusa 1961 walitawaliwa na waliopiga kura.

Kwetu chama cha TANU kilibishana hivyo hivyo, kususa uchaguzi au kushiriki, kwenye mkutano wake wa Tabora, Januari 1958. Masharti ya kupiga kura yalikuwa ya kuudhi: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo, tena lazima umchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Waliotaka kususa walikuwa na hoja. Nyerere akawashawishi waingie, na mwaka huo huo akashinda Jimbo la Mashariki. Mkulima wa jembe wa huku kwetu angeipata wapi pauni 150?

Leo sharti la mkutano wa kijiji ni kuwa mkazi mwenye miaka 18. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, yaani sisi.

Basi njooni. Akina mama, mnaolima zaidi yetu, kaeni mbele. Vijana wa bodaboda, egesheni kwa saa mbili. Daini mapato na matumizi yasomwe. Na jambo usilolielewa usilinyooshee mkono. Omba lisomwe upya.