MIKONO YA SHATI NA VIATU VYA MLANGONI



Liko jambo ambalo wengi hulipita wakidhani ni dogo, nalo ni vazi la mwanamume siku isiyo ya sherehe: shati lake la kila siku, namna alivyolikunja mikono, na viatu vyake. Ukimwambia atakujibu kwamba dini iko moyoni. Haya, iko moyoni. Lakini moyo hauonekani, na samadi iliyoganda kwenye kiatu inaonekana, tena inanuka.

Tuanze na mikono ya shati. Huku Mbulu kuna baridi, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni ya koti. Kwa hiyo wanaume wengi huvaa mashati ya mikono mirefu, mengi yakiwa mitumba iliyonunuliwa mnadani. Jua likipanda, hukunjwa. Kukunja si kosa. Mwenye kukamua ng'ombe na fundi baiskeli watafanyaje kazi bila kukunja? Lakini utazame ukunjaji wenyewe: mkono mmoja umepanda hadi juu ya kiwiko, wa pili unaning'inia hauna kifungo, na pindo lake limeonja mchuzi wa jana. Je, ni umaskini gani huo unaozuia mikono miwili kulingana? Fungua kifungo, kunja mara mbili au tatu kwa upana wa lile pindo, ulaze vizuri chini ya kiwiko, basi. Hapana hata senti iliyotoka mfukoni.

Kisha kuna la ibada. Kijana hukunja mikono ili atawadhe, na hapo amefanya sawa. Halafu huingia safuni maji yanamdondoka na mikono imekunjwa vile vile. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrishwa asujudu juu ya viungo saba, wala asikusanye nguo wala nywele. Imam Nawawi na wanavyuoni wengine wakaingiza humo kukunja mikono ya nguo: Sala inasihi, lakini ni makuruhu. Kuiteremsha hakuchukui muda wa kukohoa.

Amma viatu, hapo ndipo penye msiba. Nchi yetu hii ni nchi ya ng'ombe. Mbulu mvua ikinyesha barabara ni tope jekundu, na Katesh kiangazi ni vumbi. Lakini tope na vumbi ni udhuru wa njiani tu, si udhuru wa mlangoni. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abu Said Al-Khudri ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wenye kuja msikitini waangalie viatu vyao, na wakiona uchafu waupanguse. Basi wewe uliyetoka zizini, umeangalia? Tope usilihangaishe likiwa bichi. Liache likauke, ligonge, lipige brashi, ndipo utie rangi. Kiatu cha ngozi kilicholowa usikikaushe mekoni, kitapasuka. Kijaze karatasi ukiweke kivulini. Uzi ukiachia, mpelekee fundi siku ile ile, kabla tundu halijawa mdomo. Na ewe unayekanyaga kisigino cha kiatu mpaka kikalala ukakigeuza ndara, kwa nini hukununua ndara tangu mwanzo? Bibi Aisha ameeleza ya kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Mtume ashone, wewe uone taabu kupiga brashi!

Sasa nawageukia wengine, na hao ndio walionifanya nishike kalamu. Ni wale wenye viatu vinavyong'aa. Mzee wa Kibarabaig ameteremka kutoka upande wa Basotu, amevaa lubega na katambuga za tairi, akafika mlangoni mwa msikiti. Vijana waliokaa barazani wakaangalia miguu yake kwanza, mmoja akacheka, mwingine akamwita "Mang'ati", jina walilopewa na Wamasai ambalo maana yake ni adui. Mzee akageuka akaenda zake. Nani atakwenda kumrudisha? Na huyo aliyecheka alikuwa na suruali ya mlegezo, ambayo akisujudu nusu ya uchi wake wamwona walio nyuma yake! Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Mzee aliyefunga shuka yake sawasawa amestirika kuliko yeye.

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1967 wakubwa wa Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulikuwa na Mbulu na Hanang ndani yake, walianzisha kampeni ya kuwaachisha Wamasai mashuka na ngozi ili wavae suruali, kana kwamba maendeleo hushonwa na cherehani. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 huko Dar es Salaam wakasakwa wenye sketi fupi na suruali za kubana. Ikawaje? Haikupita miaka mingi mji ukajaa bugaluu na viatu vya raizoni. Waliovaa bugaluu leo wana mvi, nao ndio wa kwanza kuwalaani wajukuu wao.

Tazama tena, ndugu yangu, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaua watu zaidi ya 80. Waliofukiwa nyumba walivaa nguo walizopewa na watu wasiowajua. Nani siku ile aliuliza shati ni la nani, au kiatu ni cha bei gani?

Mtume (S.A.W.) alipoonya juu ya kibri, mtu mmoja aliuliza habari ya anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu anapenda uzuri; kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Imepokewa na Muslim. Mwenye kiatu kichafu hana hoja hapo, na mwenye kiatu safi anayemcheka mwenzake hana hoja vile vile.

Nanyi wasimamizi wa misikiti ya Katesh, Dongobesh, Haydom na kwingineko: wekeni gunia la kufutia miguu mlangoni, wekeni brashi moja, na ubao wa viatu. Katambuga zipangwe juu ya ubao huo huo, pamoja na viatu vyenu. Na mkimwona kijana barazani anaangalia miguu ya wageni, mpeni yeye hiyo brashi.