Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya na Madiwani wa Jiji la Mbeya

Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani,

Naomba idhini ya kunena nanyi hadharani juu ya jambo ambalo wengi, tangu Mbeya City iliporejea Ligi Kuu mwaka 2025, wangependa lisitajwe tena, nalo ni msimu wa 2022/23, ulioishia kwa timu yetu kufungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo na kushuka daraja. Furaha ya kurejea ni halali; ila haijatufutia haki ya kuuliza tulianguka kwa sababu gani.

Ili fedheha ile ipimwe kwa insafu, sharti ikumbukwe timu hii ilikotoka. Halmashauri iliiasisi mwaka 2011, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, chini ya mwalimu Juma Mwambusi, vijana ambao hawakuwa na hazina wala umaarufu wa wachezaji wa Dar es Salaam walishika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba. Mashabiki wenye jezi za zambarau waliisindikiza safari ndefu hadi pwani, wakiimba, na nchi nzima ikatazama Nyanda za Juu Kusini kwa macho mapya. Mkoa wetu ulikuwa umekwisha kuonja ubingwa, kwanza kwa Tukuyu Stars mwaka 1986, tena kwa Prisons mwaka 1999. Lakini timu hii mchuuzi wa soko la Mwanjelwa na mwanafunzi wa chuo cha Iyunga waliiona kuwa milki yao, maana ilikuwa chini ya Halmashauri yao wenyewe.

Basi anguko la 2023 halikuwa kudura iliyoshuka ghafla. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2020, timu hiyo hiyo ilifika ukingoni, ikaokolewa na ushindi dhidi ya Geita Gold katika mchujo, nasi tukashangilia wokovu kana kwamba ni ubingwa. Timu inayonusurika kwa mchujo leo na kuangamia kwa mchujo kesho haina haki ya kusingizia mwamuzi, wala mvua, wala sudi mbaya. Ina maradhi, na maradhi hutafutiwa chanzo.

Wenzetu wa Iringa wametuachia funzo chungu zaidi. Mwezi wa Juni 2019 Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Azam mjini Lindi, ikafungwa bao moja tu. Mwaka uliofuata ikashuka daraja, na uwanja wa Samora haujaiona tena ikicheza Ligi Kuu. Karibu nasi zaidi, Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida na kubadili jina, na KenGold ya Chunya ilipanda mwaka 2024 ikashuka 2025. Yanisikitisha mno kuona ardhi yenye vipaji vingi hivi ikishindwa kuzitunza timu zake.

Kwa hiyo nawasihi, kwa heshima yote inayostahili dhamana mliyopewa, kila msimu utakapokwisha mapato na matumizi ya timu yasomwe bayana mbele ya wananchi: fedha za mlangoni, fedha za wadhamini, mishahara, na gharama za safari ambazo kwa timu ya huku ni nzito kuliko za timu za pwani. Tena, kwa kuwa Uwanja wa Sokoine ni mali ya Chama Cha Mapinduzi wala si ya Jiji, anzeni kutafuta kiwanja chenu cha mazoezi, hata kiwe cha nyasi na uzio tu, na mkifungue kwa vijana wanaong'ara katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na katika vyuo vya Mbeya na Iringa, ambao wengi wao huondoka kwenda kwingine kwa kukosa wa kuwaita.

Kushindwa uwanjani hakuna aliyesalimika nako, nasi mashabiki tungali tayari kustahamili. Tusilostahamili ni kunyimwa maelezo. Uiteni mkutano, hapo hapo Mwanjelwa, mtueleze habari za msimu ule kwa hesabu kamili. Tutakuja, na tutasikiliza hadi mwisho.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Mbeya na mpenzi wa kandanda