Mtoto Aliyeomba Ruhusa Mara Tatu

Juma hili nawaalika tutafakari jambo ambalo mimi mwenyewe nililitenda vibaya miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi huku Kanda ya Ziwa. Mtoto wa darasa la tano, mwembamba, mwenye umanjano kidogo machoni, aliomba ruhusa ya kutoka nje. Nikampa. Hazikupita dakika ishirini akanyoosha mkono tena. Nikampa, safari hii kwa kununa. Aliponyoosha mara ya tatu nilimwamuru aketi, nikaongeza neno la mzaha, na darasa zima likacheka. Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Siku nne mfululizo mtoto yule hakuonekana shuleni, nami nikaandika katika rejista kwamba ni mtoro.

Alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Mama yake alimweleza mwalimu mkuu siku ya kumwandikisha. Mwalimu mkuu akahamishwa kituo, na habari ile ikahama pamoja naye.

Wengi wetu tunajua kwamba ugonjwa huu huzipinda chembechembe nyekundu za damu zikapata umbo la mundu, na kwamba chembe zilizopinda hunasa katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Nisilolijua wakati ule ni kwamba huziharibu pia figo zisiweze kuyarudisha maji mwilini ipasavyo. Ndiyo maana mtoto hukojoa mara kwa mara, hulowesha kitanda hata akiwa mkubwa, na hukaukiwa maji upesi kuliko wenzake. Na akikaukiwa maji, chembe nyingi zaidi hupinda. Kwa hiyo huagizwa anywe maji siku nzima. Mtoto yule alikuwa akifanya sawasawa na alivyoagizwa na daktari, nami nikamwadhibu kwa utii wake.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la nadra. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa selimundu duniani; hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini mwetu, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo ya maeneo yaliyoathirika zaidi. Zamani wengi wao walifariki kabla ya kufikia umri wa kuanza shule. Leo, kwa sababu ya penisilini, chanjo, foliki asidi na dawa ya haidroksiyurea, wanaishi, wanakua, wanakuja na mikoba yao mgongoni. Hospitali imetimiza sehemu yake, ikatukabidhi mtoto. Swali langu ni kama sisi wa shuleni tumejiandaa kumpokea.

Maana, tuseme kweli, siku ya shule zetu imepangwa kana kwamba mtu alikaa chini akatafuta kila kitu kinachoweza kumwamsha mgonjwa huyu maumivu. Alfajiri kuna mchakamchaka katika baridi. Kisha kumwagilia bustani pekupeku. Kisha paredi, kusimama juani hadi matangazo yaishe. Mchana huchotwa maji kwa ndoo, na anayechelewa hupigishwa magoti au hufyeka nyasi. Katika shule za bweni mambo huwa mabaya zaidi: kuoga maji baridi kabla ya jua kuchomoza, na mtoto aliyelowesha kitanda hubebeshwa godoro lake akalianike mahali ambapo kila mtu atapita. Nimemwona matroni mmoja, mama mwema wa watu, akifanya hivyo huku akiamini kabisa kwamba anamfundisha mtoto usafi.

Simaanishi kwamba mtoto huyu akalishwe chini ya mwembe awatazame wenzake wakicheza. Huko nako ni kumzika angali hai. Anaweza kukimbia na kucheza mpira, mradi apumzike anapochoka, anywe maji, na abadilishe nguo zikilowa. Yeye ndiye anayeujua mwili wake; akisema amechoka, aaminiwe. Sisi walimu tuna ugonjwa wetu wa kushuku: tukiona mtoto aliyekuwa akicheka asubuhi akilia saa nne, husema anadeka. Maumivu ya selimundu huja hivyo hivyo, bila hodi.

Tena si walimu peke yao. Mlinzi wa getini anayemzuia mama aliyeitwa kumchukua mwanawe, kwa sababu hakuja na kibali, anahusika. Mpishi anahusika, maana ndiye mwenye moto wa kupasha maji ya kukandia mguu unaouma. Tena yawe ya vuguvugu, kamwe yasiwe ya baridi wala barafu. Kiranja anayeandika majina ya wanaotoka nje anahusika kuliko sote.

Kuna dalili ambazo hazingoji kengele ya kutoka. Ya kwanza ni homa. Kwa watoto wengi wa selimundu wengu huacha kufanya kazi mapema, na bila wengu maambukizi ya damu yanaweza kumuua mtoto katika muda wa saa chache. Asipewe kidonge na kuambiwa alaze kichwa juu ya dawati, apelekwe hospitali. Husikika pia maneno kwamba watu wa selimundu hawaugui malaria. Anayekingwa kwa kiasi ni yule aliyebeba kinasaba kimoja tu. Mgonjwa mwenyewe malaria humhatarisha zaidi. Nyingine ni kupumua kwa shida, kupauka ghafula, tumbo kuvimba, na kwa wavulana uume kusimama kwa maumivu bila kulala, jambo ambalo mtoto atalificha kwa aibu hadi awepo mwalimu wa kiume anayeweza kumwambia bila kucheka.

Na ipo moja ambayo naona mwalimu huijua kabla ya daktari. Selimundu huweza kuleta kiharusi kwa mtoto mdogo, na mara nyingine kiharusi kisicho na kelele: mdomo haupindi, mguu haukokoti, lakini mwandiko uliokuwa mzuri unaanza kuharibika, hesabu zilizokuwa rahisi zinamshinda, anasahau alichoambiwa sasa hivi. Daktari humwona mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi mitatu. Mwalimu anayashika madaftari yake kila siku. Tunapoandika kwa kalamu nyekundu “ongeza bidii”, huenda tumeshika mkononi karatasi ambayo hospitali ingehitaji kuiona.

Najua nitakavyojibiwa: darasa lina wanafunzi tisini, muuguzi hayupo, zahanati iko mbali. Ni kweli, wala simlaumu mwalimu aliyechoka. Lakini ninachoomba hakina gharama. Ni karatasi moja ofisini, yenye jina la mtoto, dawa zake, dalili za hatari na simu ya mzazi, inayokabidhiwa kila mwalimu anapohama kama zinavyokabidhiwa funguo za stoo. Ni ruhusa ya kudumu ya maji na ya choo. Ni jirani wa dawati anayepewa kazi ya kumnakilia masomo ya siku alizolazwa. Wengine husema watoto watalalamika kwamba mmoja anapendelewa. Mimi sijaona hivyo. Mtoto akielezwa sababu, mara nyingi hutushinda kwa huruma.

Wazazi nao tuwaelewe wanapoficha. Wamekwisha kusikia jirani akisema mtoto huyo hafiki mbali. Mama amekwisha kulaumiwa kwamba ukoo wake ndio ulioleta balaa, ingawa kinasaba hutoka kwa baba na kwa mama pamoja. Hawezi kuifungulia siri hiyo shule inayocheka.

Mama wa mwanafunzi wangu alimrudisha siku ya tano. Nilijitayarisha kulaumiwa. Aliniamkia, akatoa katika kikapu chupa ya maji, akasema: “Mwalimu, nakuomba ikae juu ya meza yako. Mwanangu ataogopa kuomba tena.” Nikaipokea. Jioni nilifungua rejista, nikakata neno nililokuwa nimeandika, nikaandika juu yake: mgonjwa. Chupa ilikaa pale mezani hadi mwisho wa mwaka, na kila asubuhi kiranja alikwenda kuijaza bila kutumwa.