Vidonge Vilivyosalia

Homa ya mtoto ikishuka, antibayotiki zilizosalia huwekwa kabatini zimfae mwenziwe. Tunakuombeni muiache ada hiyo. Malaria na mafua havitibiwi kwa vidonge hivyo. Vitaua bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia uwanja walio sugu.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto wenye maambukizi ya damu katika Hospitali ya Muhimbili. Miongoni mwa walioshikwa na bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja dawa kali, 71 katika kila 100 walifariki. Usugu huo umo katika vinasaba, navyo havifanani: CTX-M-15, kilichoonekana huko, chapishana na ndugu yake CTX-M-3 kwa badiliko moja tu, nalo hulizidishia bakteria nguvu ya kuivunja seftazidimu. Tena bakteria hupokezana vinasaba hivyo, hata wasio wa jamii moja, kama wapagazi wa Tabora walivyopokezana mizigo.

Mtoto akizidiwa, apelekwe Kitete mapema, na mzazi aulize kama damu yaweza kupimwa vimelea kabla ya dawa. Nasi tuliozoea kutia udhu, tusione haya kumwomba anayemhudumia mtoto wodini anawe mikono kwanza.