Hodi Hutangulia Karibu



Katika semina zetu husikika mara kwa mara swali hili: kanisa liwakaribisheje jirani zake? Swali ni jema. Lakini tukiliuliza Mbuchi, katika delta ya Rufiji, tunaona limepinduliwa. Huko wenyeji ni Waislamu, nao walikuwapo vizazi na vizazi kabla mwalimu, muuguzi au mnunuzi wa kamba aliye Mkristo hajashuka mashuani. Mgeni hasemi karibu. Mgeni hupiga hodi. Kwa kusanyiko dogo namna hiyo, ukarimu huanza kwa kukubali kukaribishwa. Bwana wetu alipowatuma wale wafuasi sabini na wawili (Lk 10) hakuwaagiza wafungue nyumba ya wageni. Aliwaagiza waingie katika nyumba za watu na kula watakachoandaliwa.

Wapo wanaotupinga. Wanasema kwamba baada ya mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji, yale ya 2015 hadi 2017, busara ni kufunga lango. Hoja hiyo twaikataa kwa sababu haisemi kweli. Waliouawa walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari polisi, wanane kati yao kwa siku moja, tarehe 13 Aprili 2017, huko Mkengeni. Waislamu wa Rufiji walizika watu wao. Wakaishi kwa hofu mbili: usiku waliwaogopa wauaji, mchana waliogopa kushukiwa. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiyaandika hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, wala hajaonekana tena. Basi amwonaye kila mvaa kanzu kuwa mshukiwa humtonesha aliyekwisha kujeruhiwa, kisha hustaajabu mbona hapokewi.

Wapo pia wenye kosa la upande wa pili, wale watakao pilau ya Noeli iwe ndoano. Jirani si samaki. Na mtu wa delta, tusisahau, anakijua chambo kuliko sisi.

Tuseme na la kuchinja, maana hapo ndipo maneno mazuri hukwama. Mwaka 2013 ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu ya mchungaji huko Buseresere, Geita. Kwa Mbuchi twashauri wazi: mbuzi wa sikukuu achinjwe na Mwislamu, ili jirani ale bila shaka moyoni. Twaambiwa kwamba huko ni kusalimu amri. Mtume Paulo alikuwa radhi kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Sisi twaombwa kukabidhi kisu tu.

Hata hivyo, sahani ya pilau si haki. Mwaka 1997 Serikali iliporidhia kampuni moja ifuge kamba katika eneo kubwa la delta, wanavijiji waliona mikoko na mashamba yao ya mpunga yakiwaponyoka. Wakapinga mpaka mahakamani, na mradi ule haukufanyika. Watu walioitetea ardhi yao hivyo hawangoji kufundishwa ujirani na sisi. Kusanyiko litakalo urafiki wao lihudhurie kwanza mkutano wa kijiji, likae, lisikilize habari za msitu wa mikoko, za bei ya kamba, za zahanati na usafiri wa mgonjwa maji yanapokupwa.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti hayakuchagua dini. Kwa hiyo msaada wowote ukipita mikononi mwa kanisa, orodha ya wanaostahili iandikwe na serikali ya kijiji mbele ya imamu na katekista, isomwe hadharani, na jina la Mkristo lisitangulie kwa kuwa ni la Mkristo.